Mwenyekiti Hayupo

Mwezi uliopita simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba ya nje nisiyoijua. "Nakijwa, nakuja Same. Nataka kuona maji. Wewe uko?" Hakujitaja jina, wala hakuhitaji. Kiswahili kile cha maneno machache, kila moja limesimama kivyake, nilikijua hata kabla sijafika mwisho. Chini yake aliweka herufi moja ya Kichina, 水, ambayo kwa lugha yao ndiyo maji. Mtu mwenye akili zake angeruka kwa furaha na kujibu hapo hapo. Mimi kwanza niliinakili ile herufi, nikaihamishia kwenye kompyuta ya ofisini kwangu hapa Dodoma, nikaitazama namba ya herufi yenyewe, si ya simu. Ilikuwa namba niliyoitarajia. Ndipo nikaruka kwa furaha, na nikacheka kwa sauti mpaka binti anayenisaidia kazi za tafsiri akaja kuchungulia mlangoni. Nilimwambia hakuna kitu, mwalimu wangu anakuja. Sikumweleza kwa nini mtu anayekuja kutembea lazima kwanza akaguliwe namba. Hilo linahitaji kusimuliwa tangu mwanzo, na mwanzo wake ni mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka niliopanga chumba kwa mwenyekiti wa mtaa.

Habari za nyumbani kwetu Mhezi nitaziruka. Aliyezaliwa milimani anazijua, na ambaye hakuzaliwa huko hazitamsaidia hapa. Inatosha kusema kwamba nilishuka Same mjini nikiwa na miaka ishirini, begi moja, na ruhusa ya mwaka mmoja. Mama alinitamkia masharti jikoni huku akipuliza moto: "Ukipata kazi ya kueleweka kabla ya Krismasi, baki huko. Usipopata, unapanda, unarudi, na sitaki maneno." Nikasema ndiyo mama, huku moyoni nikiapa kwamba sipandi. Si kwamba niliichukia milima. Naipenda mpaka leo, na nikiishiwa tangawizi ya kule chai hainipiti kooni. Lakini nilikuwa msichana mbishi, mwenye kichwa kikubwa na cheti cha kidato cha nne cha wastani, na niliona kabisa maisha yangu yote yakinisubiri kwenye mashamba ya ngazi ya milimani. Nilitaka mwaka ule uniamulie jambo jingine.

Nilipokelewa na Mama Naetwe, aliyeimba kwaya moja na mama usichanani, na mumewe Mzee Eliapenda. Sebule yao naweza kuichora nikiwa nimefumba macho: makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati, na mlango uliokuwa ukibamizwa na upepo wa Same mchana kutwa. Upepo ule uliingiza vumbi laini kila mahali, hata Mama Naetwe alipangusa meza kabla ya kula na akaipangusa tena katikati ya kula. Chakula kilikuwa makande, na makande, na siku ya sikukuu makande yenye nazi. Wote tuliyala kwa raha, isipokuwa Mzee Eliapenda, aliyeyala kwa heshima. Alikuwa mtu wa utaratibu. Ofisini kwake, chumba kimoja karibu na soko, alikuwa mwenyekiti kuanzia utosini mpaka unyayoni: koti, kalamu mbili mfukoni, muhuri mezani. Akirudi nyumbani alilivua koti na uenyekiti kwa pamoja, akavitundika nyuma ya mlango. Mtu akija hodi kutaka mambo ya serikali, yeye mwenyewe, amekaa kitini na singlendi yake, alijibu: "Mwenyekiti hayupo."

Mama Naetwe hakuwahi kulizoea jambo hili. "Siku nyumba ikishika moto," alimwambia mara moja tukiwa mezani, "nimwite mwenyekiti au nikuite wewe?"

"Uniite mimi, nizime," Mzee alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mwenyekiti ataandika taarifa Jumatatu."

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya rangi ya kijani ilipangwa na Wachina waliokuja kuchimba visima huku tambarare, kwa wafugaji, ambako mvua hupita juu bila kusimama. Mkuu wa uchimbaji tulimwita Injinia. Mkewe alikuwa mwalimu huko kwao, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alifungua darasa la Kichina sebuleni kwake kila alasiri kwa yeyote aliyetaka. Tulimwita Laoshi, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha kumwita. Maana yake ni mwalimu tu, lakini mtaa mzima ulidhani ni jina la mwanawe, wakawa wanamwita Mama Laushi na kumuuliza kila asubuhi, "Laushi hajambo?" Naye, kwa adabu, alijibu, "Hajambo, asante," miezi mizima, mpaka nilipomweleza, akacheka huku ameshika ukuta. Mwanzoni tulikuwa darasa lililojaa. Vijana walipoona kwamba lugha ile haina njia ya mkato walipungua mmoja mmoja, hadi nikabaki mimi na wanafunzi wachache wa msimu. Nilibaki kwa ubishi, nakiri, na pia kwa tambi zake za mchicha na kitunguu saumu, ambazo baada ya wiki ya makande zilikuwa kama kwenda harusini.

Ukutani kwa Laoshi palibandikwa karatasi kubwa yenye herufi mia mbili na kumi na nne, zimepangwa safu kwa safu, rahisi juu na ngumu chini. Siku ya kwanza nilidhani ndiyo a-be-che-de yao. Hapana, akasema, Kichina hakina a-be-che-de. Hizi zinaitwa *bushou*. Akatafuta Kiswahili, akakipata kwa shida: "Bu, fungu. Shou, kichwa. Kichwa cha fungu." Nikamuuliza, kama kichwa cha ukoo? Akauliza ukoo ni nini. Nikamwambia huku kwetu Upareni huwezi kuwa mtu tu, lazima uwe wa ukoo fulani, na wa ukoo mmoja wana alama yao ya kujulikana hata wakikutana Mwanza. Alipiga makofi. Ndiyo hasa! Katika kamusi yao kila neno linakaa chini ya kichwa cha ukoo wake. Mto, ziwa, jasho, machozi, kuosha, yote ni ukoo wa maji, na kila moja hubeba matone matatu madogo upande wa kushoto kuonyesha limetoka wapi. Ukitaka neno usilolijua, unatafuta kwanza mkuu wa ukoo, kisha unahesabu mistari, unalikuta. Kuanzia siku hiyo Kichina kilinifungukia. Nilikuwa nimetoka katika nchi ya koo nikaingia katika lugha ya koo, na nilijiona niko nyumbani kuliko nilivyowahi kuwa katika Kiingereza.

Lililo muhimu ni hili: mkuu wa ukoo wa maji si alama tu ya kuwekwa mwanzo wa kamusi. Yeye mwenyewe pia ni neno la kila siku. 水 ni maji ya kunywa, ya kuoga, ya kuchimba. Anaongoza ukoo wake, na akirudi nyumbani ni maji tu.

Kufika katikati ya mwaka, Injinia alikuwa na shida. Vibarua walikuwa wa kila kabila, wengine wametoka kwenye mashamba ya mkonge, wengine wafugaji wa huko huko tambarare, na kila amri ilipitia mikono na makelele. Alisema wazi: kampuni inataka mkalimani. Meneja wao wa Dar es Salaam alikuwa tayari kumleta mtu kutoka huko. Laoshi akasimama upande wangu. Akamwambia mumewe kwamba mimi na yeye tutatengeneza kamusi ya kazi kwenye kompyuta, Kichina kwa Kiswahili, ya kuchapwa na pia ya kutafutwa kwa mashine. Kamusi ikifanya kazi, kazi ni ya Nakijwa, isipofanya, aje wa Dar. Injinia alikubali. Kazi ya kueleweka, kabla ya Krismasi! Nilivuka barabara nikiimba.

Kompyuta ilikuwa ya steshenari ya jirani, na mwenye vidole vyepesi pale alikuwa Festo, kijana wa rika langu, fundi wa kuchapa kadi za harusi na mwenye maneno kuliko karatasi. Laoshi aliandika maneno kwa mkono, mimi nikaweka Kiswahili chake, Festo akayaingiza kwenye mashine. Mwanzoni kompyuta ile haikuwa na namna ya kuandikia Kichina. Festo hakutaka kushindwa. Alifungua jedwali la alama lililomo ndani ya kompyuta, lile lenye kila aina ya alama, akawa anawinda herufi kwa sura, moja moja, huku karatasi ya Laoshi ameishika kando ya kioo. Siku moja alinipigia kelele kutoka dirishani.

"Sista! Njoo uone! Wamezipanga zote rahisi sehemu moja! Maji, mawe, mtu, ng'ombe, zimejipanga foleni kabisa. Hawa jamaa wa kompyuta wana huruma na sisi."

Nilienda, nikaona, nikampongeza kwa moyo wote. Zilikuwa zimejipanga kweli, safi, kama ukutani kwa Laoshi. Akaziokota zote zilizokuwa zinahitajika. Zile ngumu hazikuonekana humo, akaziacha wazi, na baadaye Injinia alipotuwekea programu ya kuandikia Kichina kwa kufuata matamshi, mimi ndiye niliyezijaza. Tukachapa. Laoshi aliipitia karatasi baada ya karatasi na kalamu yake nyekundu, na hakukuta kosa hata la kumtia aibu sisimizi. Mama Naetwe alizishika zile kurasa akasema, "Haya ni maandishi au ni mapambo?" Nilivimba kichwa.

Injinia alikuja kuijaribu kwenye mashine kabla Meneja hajafika. Tulikuwa sebuleni kwa Laoshi, kompyuta imeletwa kwa toroli na kufunikwa khanga isiingie vumbi. Pembeni alikaa Mzee Lembris, mfugaji wa kule kisima kilikotakiwa kuchimbwa, amekuja kuwawakilisha wenzake, fimbo yake imelala magotini. Injinia aliandika 'jenereta' kwa Kichina, ikatokea na Kiswahili chake. Akaandika 'mkataba', ikatokea. Akaandika 'maji'. Kompyuta ikafikiri, ikajibu kwamba kitu hicho hakimo. Akaandika tena. Hakimo. Nikamwonyesha kwa kidole, hilo hapo, ukurasa wa kwanza, mstari wa juu! Tuliliona sote kwa macho yetu. Mashine ikashikilia kwamba halimo. Akajaribu 'jiwe', halimo. 'Mtu', halimo.

"Anasemaje?" Mzee Lembris aliuliza.

"Anasema hakuna maji," Festo alimjibu kwa unyonge.

Mzee Lembris alitikisa kichwa taratibu. "Hilo sisi tunajua siku nyingi. Hata mashine haikuhitajika."

Injinia alicheka, si kwa ubaya, lakini lilinichoma kuliko kofi. Akasema Meneja anakuja wiki inayofuata, na kamusi ya wachimba visima isiyo na maji ndani yake yeye hawezi kuitetea. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Festo na mimi tuligombana siku nzima. Yeye alisema kompyuta ina virusi, mimi nikasema virusi gani vinavyochagua maji na kuacha mkataba. Tulifuta, tukanakili upya kutoka mahali pale pale, tukapata jibu lile lile. Kitu kilichonitesa ni kwamba haikukosa ovyo. Maneno ya kigeni na magumu yote yalikuwepo. Yaliyokosekana ni yale ambayo mtoto wa Kichina hujifunza kwanza: mtu, mkono, jua, moto, udongo, mlima, ng'ombe. Niliyaandika mkononi kwa kalamu, nikawa natembea nayo. Na Mama Naetwe, ambaye aliona nimeanza kuacha chakula, aliniuliza kama amwandikie mama salamu za kwamba narudi. Nikamwambia bado. Nilijibu kwa sauti kubwa mno, na alinisamehe.

Jumamosi ile tulikuwa barazani asubuhi, mimi na Mama Naetwe tunachambua maharage, Mzee amekaa kwenye kiti chake cha kamba na redio. Akabisha hodi mtu mzima mmoja, mgeni kwa sura na kwa lafudhi, Muha aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkonge. Alikuwa na adabu zote.

"Shikamoo mzee. Samahani, mwenyekiti yupo?"

"Marahaba. Hayupo."

"Nitampata wapi?"

"Ofisini, karibu na soko. Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Yule bwana alimtazama Mzee, akatazama singlendi, akatazama tena uso. "Unisamehe, mzee wangu. Jumatano nilimwona pale ofisini. Mmefanana naye mno."

"Wengi wanasema hivyo," alijibu Mzee Eliapenda, akaongeza sauti ya redio.

Mgeni alishukuru akaenda zake, akigeuka nyuma mara kwa mara. Mama Naetwe aliangua kicheko mpaka maharage yakamtoka mikononi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeduwaa. Sura moja, mtu mmoja, lakini ukimwita kwa jina la kiti kingine anakuambia hayupo, na kwa utaratibu wake hasemi uongo. Nikatazama mkono wangu. Mtu, mkono, jua, moto, udongo, mlima, ng'ombe, maji. Wote walikuwa ukutani kwa Laoshi. Kila lililokosekana lilikuwa kichwa cha ukoo, hata moja halikutoka nje ya ile karatasi!

Nilikimbia na ungo mkononi. Festo alikuwa anachapa kadi ya kipaimara. Alikuwa na ujanja mmoja wa kuwachekeshea wateja: ukiweka kishale ubavuni mwa herufi na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, herufi inageuka kuwa namba yake. Maana kompyuta haina macho. Kila herufi duniani imepewa namba, A ina yake, B ina yake, na hizo za Kichina zina zao kwa maelfu. Mashine hutunza namba, na sura ni nguo tu inayovalishwa ikija kuonekana na watu. Nikamwambia, weka maji uliyookota wewe, kando yake niandike maji kwa matamshi. Yakakaa pamoja kwenye kioo, ⽔ na 水. Tuliyatazama hadi macho yakauma, hatukuona tofauti ya maana.

"Geuza," nikasema.

Yake ikawa 2F54. Yangu ikawa 6C34.

"Hee!" alisema Festo. "Noma! Kumbe ni watu wawili!"

"Ni mtu mmoja," nikamwambia, "ila wewe umemchukua akiwa na koti."

Laoshi tulimkuta anakatakata tangawizi. Alipoelewa aliweka kisu chini na kukaa. Yeye alizaliwa na herufi zile na hakuwahi kujua. Tulikaa naye tukalipeleleza kwenye mtandao, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma na mimi nikidakia, tukapata maelezo kwamba waliogawa namba waliwapa wakuu wote mia mbili na kumi na wanne sehemu yao maalumu, ili atakayepanga kamusi aweze kumweka mkuu wa ukoo kama mkuu wa ukoo, mbali na neno lile lile linapotumika katika sentensi. Viti viwili kwa kila mkuu. Jedwali la kompyuta liliwapanga foleni kweli, kama Festo alivyosema, lakini ilikuwa foleni ya wenyeviti. Tulitumia alasiri nzima kuwavua makoti. Maji, geuza. Jiwe, geuza. Mtu, geuza. Laoshi alituletea tambi pale pale tulipokaa, na kila kichwa kilipogeuka Festo alitangaza kwa sauti ya msimamizi wa mkutano, "Mheshimiwa amerudi nyumbani!"

Meneja alifika, Mtanzania mnene wa tabasamu la haraka, akasema hana muda mwingi na kwamba mkalimani wa Dar amekwisha kufunga begi. Sebule ilijaa. Mzee Lembris alikuwepo na fimbo yake. Mzee Eliapenda naye alikuja, amevaa koti, kalamu mbili mfukoni, na alipopita karibu yangu alininong'oneza, "Leo mwenyekiti yupo. Nimekuja kikazi." Meneja alikaa kwenye kompyuta mwenyewe. Aliwahi kusoma huko kwao Wachina, na hakuanza na jenereta. Injinia alikuwa amekwisha kumsimulia. Akaandika moja kwa moja neno la maji, akabonyeza. Kioo kikaruka, kikasimama mstari wa kwanza, na neno likang'aa na Kiswahili chake kando: maji.

"Yamepatikana?" Mzee Lembris aliuliza, akiegemea mbele.

"Yamepatikana!" nilipiga kelele, kinyume cha adabu zote nilizofundishwa.

Mzee Lembris alisimama, akampa Injinia mkono, kisha Meneja, kisha mimi. Ilibidi tumweleze kwamba ni neno tu lililopatikana. Akasema hata neno ni mwanzo, juzi halikuwepo. Meneja alijaribu jiwe, ng'ombe, mlima, mkono, akawapata wote nyumbani. Akageuka na kiti akaniuliza tulifanya nini. Ningeweza kumtajia namba. Badala yake nilimwonyesha Mzee Eliapenda kwa heshima zote, nikasimulia habari za koti nyuma ya mlango, na mgeni wa Jumamosi, na "Wengi wanasema hivyo." Laoshi alitafsiri kwa mumewe, naye Injinia alicheka hadi akavua miwani. Mzee mwenyewe alikaa wima kama anapigwa picha. Meneja alijifuta macho, akanitazama miguuni, kwenye kandambili zangu.

"Buti unazo?"

"Sina, bosi."

"Zitafutwe. Jumatatu tunaanza kuchimba, na mimi sitaki mkalimani wa kuteleza kwenye matope."

Nimefanya kazi nyingi tangu siku ile. Nimekaa kwenye mikutano yenye viyoyozi, nimetafsiria watu wenye walinzi, nimesoma huko huko China kwa kina Laoshi na kurudi na shahada. Hakuna siku hata moja niliyofurahi kama nilivyofurahi sebuleni mle, isipokuwa moja: siku tambarare ilipotoa maji yenyewe, kwanza tope, kisha maji ya kahawia, kisha meupe, na Injinia akageuka kwangu kwa mazoea ili nitafsiri, na mimi nikamwambia hili halihitaji. Krismasi ile nilipanda Mhezi kutembea tu, si kurudi. Nilibeba buti zangu begini, zina matope yake bado, nikamwekea mama miguuni pale pale jikoni. Alizigeuza, akakagua soli. Kisha akasema, "Hizi zitaoshwa na nani?" na ndivyo nilivyojua kwamba nimeshinda.

Siku hizi mashine zimepata busara. Programu nyingi za kutafutia zimefundishwa kwamba mkuu wa ukoo na neno ni mtu mmoja, ukimtafuta kwa kiti chochote zinakuletea. Vijana ninaofanya nao kazi hawaelewi kwa nini bado ninageuza herufi kuangalia namba. Nawaambia zipo mashine zenye msimamo wa zamani, na faili moja lililookotwa vibaya linaweza kumfanya mtu aonekane hana maji. Wanaitikia kwa adabu. Ni kazi ya vijana kuwaitikia wakubwa.

Nilipomjibu Laoshi kwamba nipo, na kwamba nitampokea Same, nilimpigia pia Mama Naetwe. Sasa ni bibi wa meno machache na sauti ile ile. Alifurahi, kisha akashusha sauti. Mzee hayuko vizuri, akasema. Si ugonjwa. Uenyekiti alishaukabidhi zamani, muhuri uko kwa mwingine, na macho yamefifia. Koti bado limetundikwa nyuma ya mlango. "Tatizo lake ni kwamba hakuna anayekuja hodi," aliniambia. "Anakaa pale na redio imezimwa, anasikiliza lango. Na mimi niliyekuwa nalalamika, mwanangu, sasa natamani hata aje mtu wa kutaka muhuri."

Mimi na Laoshi tulifika kwa wazee jana alasiri. Tulitoka kisimani, ambako maji bado yanatoka, na ambako wajukuu wa Mzee Lembris walimmiminia Laoshi kwenye kikombe cha bati akanywa huku analia bila kujificha. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Festo, ambaye sasa ana steshenari tatu na kitambi, ndiye aliyetuendesha, akijisifu njia nzima kwamba bila yeye kukosea mimi nisingepata kazi. Nilibeba dumu la maji yale kwa ajili ya wazee. Upepo ulikuwa ule ule, na mlango ule ule ulikuwa unabamiza. Pale langoni Laoshi alinishika mkono nisitangulie. Nilikuwa nimemsimulia maneno ya Mama Naetwe. Akasafisha koo, akaita kwa Kiswahili chake, kila neno kivyake:

"Hodi! Mwenyekiti, yupo?"

Nilisikia kiti cha kamba kikilia, kisha miguu ikiburuzika ndani, kisha mlango wa sebule ukifungwa ili kilicho nyuma yake kiweze kufikiwa. Mama Naetwe alitokea barazani, kitambaa cha kupangusia meza mkononi, akatuona, akaziba mdomo. Na nyuma yake akatoka Mzee Eliapenda, amelivaa koti juu ya singlendi, kalamu mbili mfukoni, anapapasa hewa kutafuta mkono wa kushika.

"Yupo!" alisema. "Yupo, yupo. Karibuni ndani."